Wahubiri wa Kimethodisti waliosafiri kwa farasi: nani alilishika kanisa mhubiri alipoondoka?

Mjukuu wa Katekista ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimekuwa nikisoma habari za Marekani katika miaka ya mwanzo ya uhuru wake, na kuna jambo moja limenishinda kulielewa. Wamethodisti wa nchi ile walipokutana Baltimore mwezi Desemba 1784 na kuunda kanisa lao lenyewe, wanachama wao walikuwa kama 15,000 tu. Miaka 60 baadaye walikuwa wamevuka milioni moja, ilhali Wapresbiteri na Wakongregeshonali, madhehebu mengine ya Kiprotestanti yaliyokuwa na vyuo vikongwe na wachungaji waliosoma Kigiriki na Kiebrania, walikuwa wameachwa mbali.

Jibu ninalolikuta kila ninapogeuka ni mhubiri juu ya farasi, aliyevuka milima ya Appalachia akawafuata walowezi hadi Kentucky, Tennessee na Ohio, akihubiri katika vibanda vya magogo na chini ya miti. Sina ubishi na hilo. Ninapokwama ni hapa: marehemu babu yangu alikuwa katekista aliyehudumia mitaa mitano kwa baiskeli, na alizoea kusema kwamba kila alipourudia mtaa aliouacha kwa mwezi mzima, alikuta nusu ya watu wamerudi kilabuni na nusu nyingine wamehamia kwa mhubiri mpya. Sasa, ikiwa mhubiri wa Kentucky alionekana mara moja kila baada ya wiki nne au sita, na baada ya mwaka mmoja akahamishwa asirudi tena, ni nani aliyewashika watu katika zile wiki ambazo hakuwepo?

Swali la pili ni la nyongeza. Ile mikutano mikubwa ya kambini, ambako watu walianguka chini na kutetemeka, ndiyo iliyoleta wanachama hao wote, au sifa zake zimekuzwa tu?

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu, marehemu babu yako alikuwa ameligusa jibu bila kujua. Nilifundisha historia kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu walipenda sana picha ya mhubiri anayevuka mto uliofurika huku mifuko ya tandiko ikiwa mabegani ili Biblia isilowe. Picha hiyo ni ya kweli, maana hata watu wa wakati ule walikuwa na utani kwamba siku ya dhoruba kali huwakuti nje ila kunguru na wahubiri wa Kimethodisti. Lakini aliyelishika kanisa kati ya ziara moja na nyingine alikuwa mkulima wa palepale, ambaye huenda hakuwahi kupanda mimbari hata siku moja.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti kule Uingereza, alikuwa ameligawa kila kusanyiko katika madarasa, yaani vikundi vya watu kama 12 waliokutana kila wiki chini ya kiongozi wa darasa. Kiongozi huyo alikuwa mtu wa kawaida, mwanamume au mwanamke, aliyeaminiwa na majirani zake. Hapakuwa na mahubiri katika darasa. Kila mmoja aliulizwa kwa zamu hali ya roho yake tangu walipoachana: umeomba, umeanguka wapi, umepatana na yule uliyegombana naye? Mhubiri msafiri alipowasili kibandani kwa mtu, alihubiria kila aliyetaka kusikiliza, kisha wageni wakaruhusiwa kuondoka, mlango ukafungwa, akabaki na darasa peke yake. Alifungua daftari la kiongozi, akasoma majina moja baada ya jingine, akauliza habari za fulani ambaye hakuonekana wiki tatu. Kila robo mwaka waliosimama vizuri walipewa tiketi ndogo ya karatasi, na asiye na tiketi hakuingia katika karamu ya upendo, ambamo waumini walishiriki mkate na maji na kusimulia shuhuda zao. Sasa linganisha na mitaa ya marehemu babu. Aliporudi baada ya mwezi alikuwa anaanza kuwatafuta watu, lakini mwenzake wa Kentucky alikuta taarifa yao imekwisha kuandikwa.

Juu ya kiongozi wa darasa walikuwapo waonyaji, waliopewa kibali cha kuwahimiza watu baada ya mahubiri, na wahubiri wa mahali, waliolima siku sita na kuhubiri Jumapili bila malipo. Mhubiri msafiri alichukuliwa mara nyingi kutoka katika ngazi hizo. Kijana wa miaka 20 aliyeonekana ana moto alijaribiwa kwanza katika darasa lake, kisha akapewa farasi, au akatakiwa aje na farasi wake mwenyewe, na kutumwa kwenye mzunguko, yaani orodha ya vituo vya kuzungukia, pamoja na mhubiri mzoefu.

Neno kutumwa ndilo la kuliwekea mstari. Mchungaji wa Kipresbiteri alisubiri aitwe na usharika uliokwisha kuwapo na wenye uwezo wa kumlipa. Walowezi walioingia msituni jana, ambao bado wanang'oa visiki, wangewezaje kumwita mtu wa namna hiyo? Mmethodisti hakuitwa na yeyote. Askofu alisoma majina mbele ya mkutano wa mwaka, kila mtu akasikia mzunguko wake pale pale pamoja na wenzake, na kesho yake akaondoka. Mzunguko wa nchi za magharibi ungeweza kuwa na vituo 25 au 30 na kuchukua maili mia kadhaa. Alilala palipomkuta giza, akala alichopewa. Wahenga wetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nafikiri ratiba ya mzunguko ilimnusuru na jembe hilo, kwa kuwa siku ya tatu alikuwa keshaondoka.

Kuhusu malipo, posho ilikuwa dola 64 kwa mwaka, ikapandishwa kuwa 80 mwaka 1800 na 100 mwaka 1816, na aliyeipata yote alijihesabu kuwa mwenye bahati, kwa sababu ilitegemea michango ya watu ambao wenyewe hawakuwa na fedha taslimu. Askofu Francis Asbury alipokea kiasi kile kile. Mwingereza huyu alifika Philadelphia mwaka 1771 akiwa na miaka 26, wenzake waliotumwa na Wesley wakarudi kwao wakati wa vita vya uhuru, yeye akabaki. Hakuoa, hakujenga nyumba, na hakupenda wahubiri wake waoe, kwa kuwa kila aliyeoa alitafuta mahali pa kutulia. Alizunguka nchi nzima karibu kila mwaka kwa miaka zaidi ya 40. Mwezi Machi 1816, akiwa amedhoofika kiasi cha kutoweza kusimama, alibebwa hadi ndani ya kanisa mjini Richmond, akaketishwa juu ya meza, akahubiri. Alifariki wiki moja baadaye akiwa bado safarini.

Hatari ya mfumo huu nayo isifichwe. Vijana wengi walikufa kabla ya kufika miaka 30, kwa homa, kwa kifua na kwa uchovu, na waliosalia wengi waliacha mzunguko wakaoa na kulima. Kulikuwa na malalamiko pia juu ya mamlaka ya askofu. Mwaka 1792 James O'Kelly wa Virginia alidai mhubiri awe na haki ya kukata rufaa asiporidhika na kituo alichopangiwa. Alishindwa kwa kura, akaondoka na watu wake.

Binti wa Pwani amejibu:

Namshukuru Mzee wetu Mwalimu kwa maelezo yaliyoshiba. Nimelelewa katika Kanisa la Methodisti huku Kenya, kwa hiyo mambo haya ya wahudumu kupangiwa vituo na mkutano mkuu si mageni kwangu. Niongeze tahadhari moja tu: sisi wa Kenya tumetokana na tawi la Uingereza. Thomas Wakefield alifika Mombasa mwaka 1862 na kazi ikaanzia Ribe, kwa hiyo yale ya Kentucky ni ya binamu zetu. Mzunguko na darasa tumevirithi wote kutoka kwa Wesley, lakini mkutano wa kambini haukutoka kwake.

Ningependa pia kugusa ile kauli kwamba wahubiri hawa hawakusoma, kwa sababu huwa inatolewa kama sifa au kama tusi, na pande zote mbili naona zimekosea kidogo. Ni kweli kwamba wengi hawakupita chuoni. Wamethodisti walijaribu kuwa na chuo, Cokesbury, kule Maryland, kikafunguliwa mwaka 1787 na kuungua mwaka 1795, na Asbury akaona kwamba Mungu hakuwaita Wamethodisti kujenga vyuo. Hata hivyo kanuni zao ziliwaamuru wahubiri wasome kwa saa tano kila siku, jambo ambalo sijui lilitekelezwaje mgongoni mwa farasi, na tangu mwaka 1816 aliye katika majaribio alipangiwa masomo rasmi ya kufuata. Zaidi ya hapo, kanisa lilianzisha duka lake la vitabu mwaka 1789, na mhubiri alikuwa mchuuzi wake. Katika mifuko ya tandiko, pamoja na Biblia, kitabu cha nyimbo na kitabu cha kanuni, mlikuwa na vitabu vya kuuza, na kile kidogo alichopata kwa mauzo kilijaza pengo la posho. Kwa familia iliyoishi siku nzima mbali na mji, huyo ndiye aliyekuwa maktaba, posta na gazeti.

Mjukuu wa Katekista ameandika tena:

Mwalimu na Dada, nimeelewa, na habari ya daftari la darasa imenigusa, maana babu naye alikuwa na daftari lake ila hakuwa na mtu wa kumwachia. Bado nasubiri anayeweza kunifafanulia mikutano ya kambini.

Msomaji wa Usiku amejibu:

Mkutano unaotajwa kuliko yote ni ule wa Cane Ridge, Kentucky, wa mwezi Agosti 1801, na watu wengi husahau kwamba haukuwa wa Wamethodisti. Mwenyeji wake alikuwa Barton Stone, mchungaji wa Kipresbiteri, na kilichowakutanisha watu kilikuwa Meza ya Bwana. Wapresbiteri wenye asili ya Uskoti walikuwa na desturi ya siku kadhaa za maandalizi, mahubiri na toba kabla ya kushiriki, na watu walitoka mbali kuzihudhuria. Mwaka uliotangulia, katika kaunti ya Logan kusini mwa jimbo hilo, mchungaji James McGready aliona sakramenti za namna hiyo zikigeuka kuwa uamsho, na Stone alikwenda kujionea mwenyewe kabla ya kuitisha wa kwake.

Waliofika Cane Ridge hukisiwa kuwa kati ya 10,000 na 25,000. Ili uone uzito wa kisio hilo, kumbuka kwamba Lexington, mji mkubwa kuliko yote wa Kentucky wakati huo, haukuwa na watu 2,000. Nyumba ya ibada haikuweza kubeba hata sehemu ndogo ya umati huo, kwa hiyo wahubiri walitawanyika, mmoja juu ya gari la kukokotwa, mwingine juu ya kisiki. William Burke, Mmethodisti, hakupewa nafasi kwenye jukwaa, akapanda juu ya mti ulioanguka akaanza kuimba, na haukupita muda akawa amezungukwa na maelfu. Watu walianguka kama waliokufa wakalala kwa saa nyingi, wengine wakatikiswa viungo bila kujizuia. Waliokuja kucheka walianguka nao, ingawa wapo waliocheka hadi mwisho, na nje kidogo ya uwanja palikuwa na wauza wiski.

Linalojibu swali lako ni yaliyofuata baada ya hapo. Wapresbiteri waliogopa. Stone na wenzake waliingia katika mgogoro na uongozi wao, wakajitenga, na kundi jingine la Wapresbiteri wa eneo la Cumberland likatoka baadaye, mwaka 1810, pamoja na mambo mengine kwa sababu ya mabishano kama mtu asiye na elimu ya chuo anaweza kuwekewa mikono. Waliouanzisha moto ndio waliogawanyika kwa sababu yake. Wamethodisti waliuchukua mkutano wa kambini wakaupangia ratiba. Ulifanyika baada ya mavuno, mara nyingi pamoja na mkutano wa robo mwaka, chini ya mzee msimamizi wa wilaya nzima. Asbury aliufananisha na kuvua kwa wavu mkubwa.

Uwanja wenyewe ulikuwa na mpango wake. Miti ilikatwa katikati ya msitu penye chemchemi, jukwaa la mbao likajengwa, na mbele yake vikapangwa viti vya magogo yaliyochanwa, wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili, huku mahema yakizunguka kama uzio. Usiku mioto iliwashwa juu ya vichanja virefu vilivyomwagiwa udongo ili mbao zisiungue, na mwanga wake ulifika hadi kwenye matawi ya juu. Alfajiri tarumbeta ililia, watu wakaamka kuomba. Chini ya jukwaa kulikuwa na sehemu yenye nyasi kavu kwa ajili ya wanaolia kutafuta rehema. Walinzi walipangwa kuzunguka usiku, na walihitajika. Peter Cartwright, aliyeongoka akiwa kijana katika uamsho huo huo wa Kentucky, amesimulia mwenyewe alivyopambana kwa mikono na wahuni waliokuja kuvuruga mkutano.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema sifa za kambi zimekuzwa, wala na anayesema kambi peke yake ilijenga kanisa. Aliyeanguka Jumamosi usiku aliandikwa jina Jumatatu, akapewa darasa la kuhudhuria wiki ile ile. Wapresbiteri hawakuwa na daftari hilo.

Mwana wa Maktaba amejibu:

Nimesoma yote kwa furaha, ila kuna watu ambao mjadala huu umewapita. Walowezi hawa hawakuingia Kentucky peke yao. Wengi waliingia na watumwa, na katika viwanja vya kambi vilivyoelezwa hapo juu Waafrika walitengewa nafasi yao, mara nyingi nyuma ya jukwaa.

Mwanzoni Wamethodisti walikuwa na msimamo mkali. Mkutano wa 1784 uliwataka wanachama wawaache huru watumwa wao kwa muda uliopangwa, na mwaka uliofuata Asbury na kiongozi mwenzake Thomas Coke walikwenda Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, kumwomba aunge mkono ombi la kukomesha utumwa Virginia. Lakini kanuni hiyo ilisimamishwa kabla hata mwaka haujaisha, kwa kuwa wenye mashamba walikasirika. Baada ya hapo kila mkutano ulilegeza kidogo. Ninapoambiwa kwamba kanisa lilifikia milioni moja, najiuliza ni wangapi wangebaki kama sheria ya Baltimore ingebaki.

Miongoni mwa wahubiri bora wa kizazi cha kwanza alikuwemo Harry Hosier, mtu mweusi aliyesafiri na Asbury na Coke. Hakujua kusoma, alishika maandiko na nyimbo kwa kusikia, na Coke, aliyekuwa msomi wa Oxford, alimhesabu kuwa mmoja wa wahubiri bora duniani. Richard Allen, aliyejinunulia uhuru wake, naye alialikwa na Asbury wasafiri pamoja kusini. Aliambiwa kwamba huko asichanganyike na watumwa, kwamba mara nyingi atalala ndani ya gari, na kwamba malipo yake yatakuwa chakula na nguo. Alikataa. Mwaka 1816, mwaka ule ule aliokufa Asbury, Allen akawa askofu wa kwanza wa kanisa la Wamethodisti weusi lililojitenga. Katika kanisa hilo mwanamke aitwaye Jarena Lee alipata ruhusa ya kuhubiri, ingawa hakuwekewa mikono, na ameandika kwamba katika mwaka mmoja alisafiri maili 2,325 na kuhubiri mara 178. Huyo naye tumhesabu katika wahubiri wa mzunguko, ijapokuwa sehemu kubwa ya njia aliikata kwa miguu.

Mwaka 1844, ule mwaka wa milioni moja aliousema muulizaji, kanisa la wazungu lilipasuka vipande viwili, kaskazini na kusini, kwa sababu askofu James Andrew wa Georgia alikuwa na watumwa na hakujiuzulu. Cartwright alikuwa amekwisha kuhama Kentucky tangu 1824 akaenda Illinois, akisema hakutaka watoto wake wakulie penye utumwa. Huko, mwaka 1846, aligombea ubunge, akashindwa na wakili aitwaye Abraham Lincoln.

Mkaazi wa Lubumbashi amejibu:

Mimi ni Mmethodisti wa Katanga, na Dada wa Pwani ameniamsha aliposema wao ni wa tawi la Uingereza. Sisi ni wa tawi hilo la farasi. Aliyeanzisha kazi ya Kimethodisti huku mnamo mwaka 1910 alikuwa Mmarekani, John McKendree Springer, ambaye hapo kabla alikuwa amevuka sehemu hii ya Afrika pamoja na mke wake Helen hadi Angola. Angalieni jina lake la kati. William McKendree alikuwa mzee msimamizi wa nchi za magharibi ng'ambo ya Appalachia katika miaka ile ile ya uamsho wa Kentucky, na mwaka 1808 akawa askofu wa kwanza wa Kimethodisti aliyezaliwa Marekani.

Kwetu hadi leo askofu husoma majina ya wachungaji na vituo vyao mwishoni mwa mkutano wa mwaka, na wake zao huketi wakisikiliza kama wataanza kufunga mizigo.

Mjukuu wa Katekista ameandika:

Nawashukuru nyote. Nimempigia shangazi simu jioni hii kumwuliza kuhusu lile daftari la babu. Anasema lipo, ndani ya sanduku la bati pamoja na risiti za kodi ya kichwa, na kwamba kando ya baadhi ya majina kuna alama ya msalaba ambayo hakuna aliyewahi kujua maana yake. Nikilipata nitaziangalia tarehe.